Usikubali Kuitwa Zilipendwa

Mzee wangu, naomba unisikilize kidogo. Najua uko kazini. Simu yako haipoi, dereva anauliza kama karatasi zake zimetoka, na kijana wa kubadilisha kwacha amesimama mlangoni anataka chenji. Lakini juzi jioni nilikusikia. Ulikuwa nyuma ya duka unapanga mifuko ya saruji, ukadhani uko peke yako, ukaachia sauti. Hukuimba kwa maringo. Uliimba kama mtu aliyejisahau. Nje palikuwa na kijana wa bodaboda anasubiri abiria, spika yake inapiga amapiano. Aliizima. Akakaa na helmeti mapajani mpaka ulipomaliza ubeti. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona, na tangu siku hiyo sina raha.

Sina raha kwa sababu Tunduma nzima, mji wetu huu wa mpakani na Zambia, inakujua kwa wakati uliopita. "Huyu mzee aliwahi kuimba bendi." Aliwahi. Kwenye harusi MC anakutambulisha, unapewa maiki, unaimba nusu ya wimbo wa zamani, akina mama wanapiga vigelegele, unarudi kitini kumalizia soda yako. Kisha wanasema, tena kwa mapenzi kabisa: zilipendwa!

Hebu tulitazame neno hilo. Zi-li-pendwa. Lina "li" katikati kama mwiba wa samaki. Hazipendwi, hazitapendwa, zilipendwa tu. Aliyelianzisha nadhani alikuwa na nia njema, alitaka kuwaheshimu wakongwe, lakini ni neno linalomwandalia matanga mtu ambaye bado anakula ugali. Fundi seremala wa miaka sitini na tano haambiwi kuwa viti vyake ni zilipendwa. Mkulima wa Mbozi mwenye mibuni aliyoachiwa na baba yake anaikata kisiki, inachipua upya, na kahawa yake inapimwa kwenye mizani ileile na ya jirani aliyepanda juzi. Mwimbaji peke yake ndiye tunayemzika huku sauti inatoka.

Ombi langu ni moja. Ingia studio urekodi albamu nzima, ya nyimbo mpya, na kwenye jalada liandikwe jina lako. Sisemi jina la bendi, maana bendi ilishakwenda. Jina ulilopewa na wazazi wako.

Nakusikia unaguna. Hayo ni mambo ya vijana wa Dar es Salaam, unasema. Basi tuache Dar. Twende ng'ambo ya geti la mpaka.

Ukishavuka Nakonde ukaifuata reli ya TAZARA unafika Kasama, mji wa jimbo la Kaskazini la Zambia. Huko mwaka 1951 alizaliwa Emmanuel Chanda, ambaye wapenda muziki wa dunia wanamwita Jagari. Jina hilo lilitokana na Mick Jagger, yule mwimbaji wa Rolling Stones, likageuzwa kidogo ili liingie vizuri kwenye ulimi wa Kiafrika. Alikulia Kitwe, kwenye migodi ya shaba, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa kiongozi wa kundi lililojiita WITCH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuleta vurugu. Wewe ulikuwa kijana wakati huo, na kwa jinsi redio za mkulima zilivyokuwa zinanasa Lusaka usiku hapa mpakani, sitashangaa kama ulishawahi kumsikia bila kujua ni nani.

Muziki wao uliitwa Zamrock. Gitaa la solo lilikuwa na sauti ya kukwaruza kama spika iliyopasuka kwa makusudi, chini yake ngoma zinatembea kwa mwendo wa nyumbani, na wimbo ungeweza kuanza polepole kama maombolezo kisha ukapinda katikati na kuwa kitu kingine kabisa. Ni jamaa wa karibu wa ile roki ambayo Ulaya waliiita progresivu, roki ya nyimbo ndefu zinazobadilika njiani. Mambo mengi yaliwasukuma. Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ya taifa lake ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95, na vijana waliokuwa wanaiga Waingereza wakajikuta wanahitajika kutunga vya kwao. Shaba ilikuwa na bei, watu walikuwa na mishahara, kumbi zilijaa. WITCH walitoa Introduction, wakatoa In the Past, na mwaka 1975 ikaja Lazy Bones!!, ambayo mpaka leo wakusanyaji wa sahani za santuri wanaigombania.

Kisha dunia ikageuka. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970 na uchumi wa Zambia ukaenda nayo. Vita vya ukombozi vya Rhodesia vilipopamba moto, miji ya Zambia ikapata amri za kutotembea usiku na taa kuzimwa, na bendi zikalazimika kupiga mchana kweupe. Wewe unajua bendi ya dansi kupiga saa nane mchana inavyojisikia. Ni kama kula pilau msibani, inapita lakini haina ladha. Jagari aliondoka kundini akawa mwalimu wa muziki katika chuo cha Evelyn Hone, Lusaka. Baadaye akaingia porini kuchimba vito. UKIMWI ulipofagia Zambia uliwabeba wenzake wengi wa kundi la mwanzo, mpaka akabaki yeye.

Nataka ukae hapo kidogo, mzee wangu, kwa sababu hapo ndipo wewe ulipo. Mtu aliyejaza viwanja akiwa na miaka ishirini na tano sasa ameshika sululu, anatafuta jiwe la rangi kwenye udongo. Waliokuwa wakimwitikia kiitikio wako makaburini. Sahani zake hazipo hata nyumbani kwake. Angekaa akasema yamekwisha, nani angemlaumu?

Lakini sahani zile zilikuwa zimesafiri bila yeye. Wazungu wakusanyaji walizipata, wakazipandisha bei, na kampuni ndogo ya California iitwayo Now-Again ikazitoa upya zikiwa zimepangwa vizuri pamoja na historia yake. Akaja Mwitaliano, Gio Arlotta, kumtafuta mzee huyu Zambia na kutengeneza filamu juu yake. Filamu ikazaa safari za Ulaya, safari zikazaa kundi jipya, yeye mbele, nyuma yake vijana wa Ulaya, Waholanzi wakiwemo, wenye umri wa watoto wake, pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi za mwisho za WITCH. Na mwaka 2023, akiwa amevuka miaka sabini, akatoa albamu mpya, Zango. Ilirekodiwa Lusaka, DB Studios, chumba kilekile alichorekodia Lazy Bones!! nusu karne nyuma. WITCH hawakuwa wametoa albamu kwa miaka 39.

Kabla hujanisahihisha, ndiyo, kwenye jalada wameandika WITCH. Lakini ukiniuliza mimi, ile ni albamu ya mtu mmoja iliyovaa koti la bendi. Na jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba hakwenda kurudia zile za zamani. Angeweza. Wanunuzi walikuwa wanazililia. Yeye akaja na tungo mpya, akaweka wasichana wenye sauti mpya pembeni yake, akawaambia watu kwa vitendo kwamba hakuja kuonyesha makumbusho.

Sasa nije kwa mtu aliyethubutu kuandika jina lake, na huyu ni wetu zaidi, ingawa tunapenda kumsahau. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, na mwaka 1970 akawa mwimbaji wa kundi la Queen kwa jina la Freddie Mercury. Miaka mitano baadaye walitoa wimbo wa karibu dakika sita, Bohemian Rhapsody, wenye vipande ambavyo havifanani hata kidogo: taratibu, kisha opera, kisha roki ya kupasua madirisha. Waliambiwa redio haitaupiga kwa urefu ule. Ukapigwa mpaka ukachakaa.

Hapo nicheke kidogo. Sisi tungeshangaa nini wimbo wa dakika sita? Dansi letu lilijengwa hivyohivyo. Mwanzo wa taratibu, mashairi yanapangwa, mwimbaji anamweleza mwenzake shida yake, halafu magitaa yanaitana, tarumbeta zinaingia, na wimbo unahamia kwenye chemko na watu wanasahau viti. Wewe umeimba nyimbo za namna hiyo ukiwa na jasho mpaka kwenye soksi. Kijana wa leo anayekuambia wimbo usizidi dakika tatu hajui kwamba babu yake alikuwa mwana progresivu bila kuambiwa.

Basi kufika mwaka 1983, Freddie na wenzake walikuwa wamechokana. Ni kitu cha kawaida, hata ndugu wa tumbo moja wakilala chumba kimoja miaka kumi na tatu watachokana. Wakakubaliana kupumzika. Yeye akaenda Munich, akashinda studio, na tarehe 29 Aprili 1985 ikatoka Mr. Bad Guy, albamu yake ya kwanza peke yake, ambayo, nisiache kusema, alimtunukia paka wake. Alikuwa na umri wa miaka 38. Ilifika nafasi ya sita Uingereza. Haikuuza kama za Queen, na magazeti hayakuisujudia. Lakini tazama kilichofuata. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo, hata miezi mitatu haijatimia, Queen walipanda jukwaa la Wembley kwenye tamasha la Live Aid, wakapiga kwa dakika ishirini hivi, na mpaka kesho watu wanabishana kama kuna mwimbaji aliyewahi kuushika uwanja kama yeye siku ile. Sisemi albamu ndiyo iliyofanya yale. Nasema mtu aliyekuwa ametoka kusimama peke yake hakuogopa tena kusimama mbele ya wenzake. Mwaka 1988 akatoa nyingine, Barcelona, akiimba na malkia wa opera wa Uhispania, Montserrat Caballé, kitu ambacho bendi isingemkubalia hata kukitaja kwenye kikao.

Na usinipoteze kwa neno hilo la peke yako. Freddie alikuwa na watu wa kumpigia vyombo. Jagari alikuwa na Waholanzi. Peke yako maana yake ni kwamba uamuzi wa mwisho ni wako, na lawama ni zako pia.

Hili la uamuzi ndilo lililowaumiza wenzako wa dansi, na ndilo linalonifanya nikubane. Wewe unakumbuka bendi zetu zilivyokuwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Jeshi lilikuwa na zake, Magereza walikuwa na zao. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, sare zilikuwa za mwenye bendi, na wimbo ulipokwenda kurekodiwa Redio Tanzania, uliitwa wimbo wa bendi hiyo. Hata Super Matimila, kundi lililompeleka Remmy Ongala mpaka majukwaa ya Ulaya, liliitwa jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Siku mwimbaji alipofukuzwa au bendi ilipokufa, alitoka na nguo zake na koo lake. Mpaka leo unasikia redioni wimbo unaujua neno kwa neno, mtangazaji anataja bendi, anataja mwaka, na aliyetunga yuko kijijini anapalilia mahindi.

Basi wewe bado una koo. Na una kitu kingine nilichokiona siku ileile: lile daftari la bluu chini ya kaunta. Mbele umeandika madeni ya wateja, nyuma umeandika nyimbo. Nilifungua, unisamehe. Nilihesabu tungo kumi na saba.

Kumi na saba! Na unasema huna cha kurekodi.

Tuzungumze sasa kama watu wa kazi, maana hamasa bila ratiba ni kelele za mkutano.

Kwanza sauti. Usiniambie imeharibika; imeshuka. Kwa waimbaji wengi umri ukipanda noti za juu zinakuwa ngumu, lakini katikati na chini bado pana kitu ambacho kijana hana hata akilia. Kosa la wakongwe wengi ni kung'ang'ania kii ya mwaka 1980. Mwambie mpiga gitaa ashushe, sauti moja, hata moja na nusu. Utashangaa jinsi wimbo ule utakavyokaa kama kanzu iliyoshonwa upya. Usirekodi usiku baada ya kushinda na vumbi la malori. Rekodi asubuhi jua likishapanda na baridi ya huku imekata, ukiwa umekunywa maji ya kutosha na kuamsha koo taratibu. Pata vipande vitatu vinne kwa siku, siyo wimbo mzima kwa pumzi moja ili uonekane bado mwamba.

Prodyuza utakayempata hapa mjini atakuwa mtoto. Ukubali hilo mapema. Atakuwa na kompyuta, spika mbili, godoro limebandikwa ukutani, na atataka kukuwekea biti kabla hujakaa. Mwambie kwa upole kwamba unataka gitaa la mkono wa mtu, na besi ya mkono wa mtu. Kwaya za makanisa hapa Tunduma na Vwawa zimejaa wapiga vyombo wazuri ambao hawajawahi kuombwa kupiga kitu chochote nje ya ibada. Lakini halafu, na hili ndilo gumu kwako, msikilize na yeye. Anajua jinsi sauti inavyopita kwenye spika ndogo ya simu, na huko ndiko watu watakakokusikilizia. Jagari asingefika kokote angewaambia wale Waholanzi wapige kama marehemu.

Na utaimba nini? Mzee wangu, umekaa mpakani miaka yote hiyo, unaniuliza utaimba nini? Imba foleni. Imba dereva anayelala chini ya trela siku nne, mkewe Morogoro anadhani ana mwanamke Tunduma, na wakati mwingine mkewe hakosei. Imba kwacha inavyopanda na kushuka kama homa. Imba akina mama wanaovuka na ndoo za nyanya, wanaomjua kila askari kwa jina na tabia. Imba siku ya Oktoba 2019, marais wa wakati huo, Magufuli wetu na Lungu wa Zambia, walipokuja kufungua kituo cha pamoja cha forodha, na wewe ukawa umejibanza nyuma ya umati, unaona nywele tu. Imba kimondo cha Mbozi: tani nyingi za chuma zilizotoka mbinguni, zimelala Ndolezi zinasubiri wageni, na sisi wenyewe wa mkoa huu wengi hatujawahi kwenda kuzigusa. Kuna utani mzuri hapo kuhusu nyota iliyoanguka ikakataa kuondoka, ila nisikutungie.

Ubeti mmoja weka Kinyamwanga. Wanyamwanga wako pande zote mbili za geti, mpaka uliwakuta hapo, na mtu akisikia lugha ya mama yake ndani ya wimbo wa gitaa anasimama. Ile Zamrock ilipoacha Kiingereza kitupu na kuchanganya Kibemba na Kinyanja ndipo ilipoanza kunuka udongo wa kwao.

Watu wa Tunduma tunadhani tuko mwisho wa nchi. Lakini hebu angalia kinachopita mbele ya duka lako. Malori yanatoka bandari ya Dar es Salaam yanakwenda Lusaka, Ndola, Lubumbashi, mengine Harare. Lubumbashi wanazungumza Kiswahili, cha kwao, chenye chumvi nyingine, lakini utaeleweka. Kila lori lina redio na tundu la flashi. Wewe ni mtu ambaye madereva mia wanakujua kwa jina na wanakudai salamu. Weka albamu kwenye flashi, mpe dereva kila anayechukua mzigo kwako. Yule atakaa nayo siku tano barabarani bila kitu kingine cha kusikiliza. Msanii wa Dar analipa fedha kutafuta njia ya aina hiyo, wewe inapita mlangoni ikipiga honi. YouTube na Boomplay mtoto wako wa kidato cha nne atakupandishia. Umtajie na jina la kuandika ili asije akaweka la utani.

Safari ya muziki kupita njia hii siyo ngeni. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi iliyoitwa Sunburst, vijana wa mchanganyiko, wakipiga roki ya Kiafrika yenye soul na ngoma ndani yake. Walihamia Zambia, na albamu yao ya pekee, Ave Africa, ilitoka huko mwaka 1976, mwaka uleule reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ilipokabidhiwa rasmi kwa nchi hizi mbili. Bendi ilivunjika. Albamu ikalala miaka 40, mpaka kampuni ya Strut ya London ilipoitoa upya mwaka 2016, na watu ambao hawajui Tunduma iko upande gani wa dunia wakaanza kuuliza hawa walikuwa akina nani. Kama wale vijana wangesema wasubiri mambo yakae sawa ndipo warekodi, hata mimi nisingekuwa na jina la kukutajia. Rekodi inasubiri, mzee wangu. Mwimbaji hasubiri, anakufa.

Karatasi, tafadhali, kwa sababu safari hii hutoki na nguo na koo tu. Jisajili BASATA, baraza la sanaa. Sajili tungo zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa muda wote wa uhai wako na miaka 50 baada ya kuzikwa, maana yake wajukuu wako wana haki zaidi kwenye zile kurasa za nyuma za daftari kuliko walivyo na haki kwenye yale madeni ya mbele. Na kabla gitaa halijaguswa, andikeni na yule kijana wa studio na wapiga vyombo: nani katunga, nani kapanga muziki, fedha ikija inagawanywaje. Karatasi moja, sahihi, shahidi. Nyinyi mlioimba zamani mlikuwa mnaona aibu kuandikiana na marafiki, na aibu hiyo mmeilipia sana.

Gharama zipo, sitakudanganya. Lakini nakujua, mwaka jana ulinunua genereta ambayo umeitumia mara mbili. Rekodi wimbo mmoja kwa mwezi. Kumi zinatosha albamu. Ukianza sasa, utakuwa umemaliza kabla msimu mwingine wa kahawa haujafungwa, na wakati huo mkoa mzima una hela mfukoni na unatafuta pa kuzitumia.

Limebaki lile ambalo hujalisema kwa mdomo lakini naliona usoni. Heshima. Wewe ni mzee wa mtaa, unaitwa kusuluhisha ndoa, unasoma risala misibani. Watu watasema mzee karudia ujana, pengine na watoto wako wataona haya. Nakujibu kwa mtu mmoja tu. Bi Kidude wa Unguja, bibi ambaye hakuna aliyekuwa na hakika ya miaka yake, mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ile wanayopewa wakubwa wa muziki wa dunia, na akaendelea kupanda jukwaani na ngoma yake kiunoni karibu mpaka alipofariki mwaka 2013. Alichekwa? Alichekwa sana, kwa sigara zake na maneno yake. Siku ya maziko yake waliomcheka walikuwa wanasukumana kulishika jeneza. Mimi sitaki kusukumana kwenye jeneza lako. Nataka tusukumane mlangoni tukigombea tiketi.

Na watoto hawatakuonea haya. Nimemuuliza yule wa bodaboda. Kumbe baba yake mzazi alikuwa anapiga tumba, akafa bila kurekodiwa hata wimbo mmoja, na yeye anachokumbuka ni mdundo wa vidole mezani wakati wa kusubiri chakula. Anaupiga kwenye tangi la pikipiki akiwa hana abiria. Nimeusikia. Unaingia vizuri sana kwenye ule wimbo wako ulioandikwa ukurasa wa tatu kutoka mwisho, ule wa mke wa dereva.

Nimeshaongea na studio. Jumamosi saa nne asubuhi, chumba kiko wazi mpaka saa saba. Yule kijana atakuja na tumba za baba yake, mimi nitakuja na chai ya chupa na tangawizi. Duka mwachie mkeo; nimeongea naye pia, na amesema nikuambie amechoka kukusikia unaimbia saruji. Chukua daftari. Kama unaogopa wateja wataona madeni yao, funga mbele kwa lastiki.